Mroma si Mhindi: uzi kuhusu asili, uraia na lile swali la "kwenu ni wapi?"

1.
Wadau, huu uzi ni mrefu kidogo, kwa hivyo chukua chai. Kila mara video ya mkutano wa kampeni kutoka Ulaya Mashariki ikizunguka humu, napata swali lile lile kwa inboksi. Jukwaani mtu anapaaza sauti ati Waroma "warudi kwao India", umati unashangilia, halafu huku chini kwenye komenti Wakenya wanaulizana: kwani hao ni akina nani? Si ni Wahindi tu? Mwingine anauliza kama ni Wakatoliki. Leo nijibu mara moja. Na kama kawaida ya ukurasa huu, sitaji mwanasiasa wala chama, cha huko au cha hapa.

2.
Jibu fupi kwa walio na haraka. Mababu wa Waroma walitoka kaskazini magharibi mwa India, pande za Punjab, Rajasthan na Sindh, miaka 1,000 au zaidi iliyopita. Hiyo ni kweli, na ushahidi wake ni mzito. Waroma wa leo si Wahindi. Hiyo pia ni kweli. Mtu akikupa ukweli mmoja na kuuficha ule wa pili, jua kuna mahali anakupeleka. Uzi huu ni wa kuonyesha ni wapi.

3.
Tuanze na jina. "Roma" hapa haihusiani na mji wa Roma, wala Papa, wala Waraka kwa Warumi. Ni neno la lugha yao, Kiromani. *Rom* ni mwanamume wa jamii hiyo, au mume wa mtu. *Romni* ni mwanamke, au mke. *Roma* ni wingi. Nchi ya Romania nayo ilipata jina kutoka kwa Warumi wa kale, kwa hivyo hapo kinachofanana ni sauti peke yake. Waroma wengi wako Romania, ndiyo, lakini wako pia Slovakia, Hungaria, Bulgaria, Serbia, Uhispania, Ufaransa na kwingineko. Makadirio yanayotumiwa na taasisi za Ulaya ni watu milioni 10 hadi 12 bara zima. Na wengi wao wana nyumba na mtaa kama wewe. Ile picha ya msafara wa magari ya farasi tuliyoizoea kwa sinema ni ya wachache sana.

4.
Hilo ndilo jina walilojichagulia. Majina waliyopewa na wengine ni hadithi tofauti. Walipofika Ulaya Magharibi mwanzoni mwa karne ya 15, vikundi vyao vilijitambulisha kama mahujaji kutoka "Misri Ndogo". Wenyeji wakashika hiyo Misri. Waingereza wakawaita Gypsy, yaani Mmisri aliyekatwa herufi. Wahispania wakawaita Gitano, kwa njia hiyo hiyo. Hawakuwa Wamisri. Lakini mwaka 1530 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwafukuza, na sheria yenyewe ikawataja kama "Wamisri". Mwaka 1554 ikaongezwa makali: anayebaki nchini anaweza kuuawa. Na kuna watu walionyongwa kweli. Sasa fikiria: unanyongwa kwa kosa la kutoka nchi ambayo babu yako hakuwahi kuiita kwao.

5.
Jina la pili ni lile la Tsigan au Zigeuner, lenye mizizi kwa Wagiriki wa enzi ya Bizanti. Hili hata usilitumie kwa mzaha. Kwenye kambi ya Auschwitz, wafungwa Waroma na Wasinti walichanjwa namba mkononi, na mbele ya namba ikawekwa herufi Z. Ndiyo maana mashirika yao yanasisitiza sana "Roma". Mtu akiniambia hayo ni maneno tu, mimi huanza na hiyo herufi.

6.
Sasa neno "Mhindi". Hili nalo lina safari. Lilianza kama jina la mto. Wenyeji waliuita Sindhu. Waajemi wakatamka Hindu, Wagiriki wakatamka Indos, Waarabu wakaiita nchi Hind, na sisi pwani tukapata Mhindi, Wahindi, Kihindi. Yaani ni jina la mahali, walilopewa watu wa ng'ambo ya mto na majirani zao. Na kituko cha historia ni kwamba mto huo leo, sehemu yake kubwa iko Pakistan.

7.
Neno hilo limebandikwa hata pasipostahili. Christopher Columbus alifika Amerika mwaka 1492 akidhani yuko karibu na India, akawaita wenyeji Wahindi. Mpaka leo kuna vitabu vya Kiswahili vinavyosema "Wahindi Wekundu" kwa watu ambao hawana undugu wowote na Delhi. Na ebu angalia sahani yako: mahindi. Jina linasema nafaka ya Hindi. Mmea wenyewe ulitoka Amerika. Kwa hivyo ukisikia neno "Mhindi", swali la kwanza liwe: nani anaitwa hivyo, na nani anamwita?

8.
Hapa Kenya neno hili lina mizigo minne kwa wakati mmoja. Kuna Mhindi kwa maana ya raia wa India. Kuna Mhindi kwa maana ya mtu yeyote ambaye mababu zake walitoka bara lile, hata kama ni Mkenya wa kizazi cha nne, hata kama kijiji cha babu sasa kiko Pakistan. Kuna wanaodhani Mhindi ni mfuasi wa dini ya Kihindu, na huku jirani yao Mhindi ni Mwislamu, Singasinga, Mjaini au Mkatoliki wa Goa. Halafu kuna "Mhindi" wa mtaani, ambaye maana yake ni mwenye duka tu. Mwaka 1947 India ya Waingereza ilipogawanywa, hata serikali ya kikoloni hapa ikaona neno halitoshi tena, na "Mwasia" likaanza kushika nafasi. Ndiyo maana mpaka leo kwa karatasi za serikali utaona Waasia.

9.
Ukiweka maneno haya mawili kando kwa kando, tofauti inaonekana. "Mhindi" ni jina lililotokana na mahali, na leo lina dola, bendera na pasipoti. "Mroma" ni jina la watu wasio na dola, waliojiita wenyewe kwa lugha yao. Mhindi anaweza kuwa wa makabila na lugha mamia. Mroma anaweza kuwa raia wa nchi thelathini. Kuuliza "Mroma ni Mhindi?" ni kama kuuliza kama Msomali ni Mkenya. Wengine ndio, wengine sio, na swali lenyewe limechanganya vitu viwili.

10.
Sasa tuje kwa ushahidi wa India, maana hapa ndipo panaponoga. Ushahidi mkubwa ni lugha. Kwa Kiromani, maji ni *pani*. Pua ni *nak*. Sikio ni *kan*. Mtu ni *manush*. Mtu wa Parklands anayeongea Kihindi nyumbani hahitaji kamusi hapo. Mwaka 1782 mwanaisimu Mjerumani, Johann Rüdiger, alichapisha kazi iliyolinganisha Kiromani na lugha za India, na mwaka uliofuata Heinrich Grellmann akaieneza hoja hiyo Ulaya nzima kwa kitabu chake. Kabla ya hapo Ulaya ilikuwa imeishi na Waroma zaidi ya miaka 300 bila kufikiria kuwasikiliza wanavyoongea.

11.
Sikiza wanavyohesabu: *yek, dui, trin, shtar, panj, shov*. Mpaka hapo ni ndugu wa Kihindi: *ek, do, tin, char, panch*. Halafu ghafla: *efta, ohto, inya*. Hizo ni saba, nane na tisa za Kigiriki! Kisha *desh*, kumi, tumerudi India. Ukiona ajabu, hesabu wewe mwenyewe. Moja mpaka tano ni Kibantu safi. Kisha sita na saba, Kiarabu. Nane, tumerudi kwa Kibantu. Tisa, Kiarabu tena. Yetu ya asili ilikuwa kenda, na hata lile la saba limebaki kwenye fungate, zile siku saba za maharusi. Je, mtu wa Lamu anayehesabu sita, saba, tisa amekuwa Mwarabu? Hapana. Anaonyesha tu mababu zake waliuziana vitu na nani.

12.
Lugha ni kama pasipoti iliyogongwa mihuri. Msingi wake unaonyesha ilikotoka, na mikopo inaonyesha ilikopitia. Kiromani kina *grast*, farasi, kutoka Kiarmenia. Kina *drom*, barabara, kutoka Kigiriki. Na kina *baht*, kutoka Kiajemi, ambalo maana yake ni bahati. Ndiyo, bahati hii hii yako. Neno moja la Kiajemi lilipanda jahazi likashuka Mombasa, na likatembea kwa miguu mpaka Bulgaria. Ukiisoma hiyo mihuri kwa mpangilio unapata njia: India, Uajemi, Armenia, kisha kukaa muda mrefu kwenye dola ya Bizanti, ambako leo ni Uturuki na Ugiriki. Baadaye Balkani, kisha Ulaya yote.

13.
Vinasaba vimekuja kuthibitisha. Mwaka 2012 watafiti waliolinganisha sampuli za jamii mbalimbali za Waroma barani Ulaya walihitimisha kwamba chimbuko lao ni moja, kaskazini na kaskazini magharibi mwa India, na kwamba walitengana na wenzao yapata miaka 1,500 iliyopita. Baada ya hapo wamechanganyika na kila jirani waliyeishi naye. Kwa hivyo asili tumemaliza. Hakuna mtu makini anayebisha.

14.
Basi kwa nini nasema si Wahindi? Kwa sababu walipoondoka, hakukuwa na nchi iitwayo India ya kuwa raia wake. Kilichowafanya Waroma kuwa watu wamoja kilitokea baadaye, njiani na Ulaya. Mroma na Mhindi wa leo hawaelewani kwa lugha, ukitoa hayo maneno machache. Dini yao ni ya majirani zao: Wakatoliki, Waorthodoksi, Wapentekoste, na Waislamu kule Balkani. Muziki, chakula, sheria za ndoa, kumbukumbu za mateso, vyote vimepikwa Ulaya. India ni kwa mababu wa mbali. Kwao ni Košice, ni Sofia, ni Sevilla.

15.
Kama bado hujashawishika, njoo nyumbani. Tulisoma wote shuleni kwamba Wabantu walianza safari yao karibu na mpaka wa Nigeria na Kamerun. Tulisoma kwamba Wajaluo walishuka kutoka Bahr el Ghazal, Sudan Kusini, na kuingia pande za Nyanza takriban karne ya 15 na 16. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayemwambia Mkamba wa Machakos arudi Kamerun, au Mjaluo wa Siaya arudi Bahr el Ghazal. Sasa linganisha: hati ya kwanza inayowataja Waroma katika Wallachia, ambayo leo ni Romania, ni ya mwaka 1385. Ukitumia kipimo cha "nani alifika lini", wengi wetu humu hatuna pa kulala leo.

16.
Na hiyo hati ya 1385 inasema nini? Haisemi wageni wamekuja. Inahusu familia 40 za Waroma kama mali ya monasteri. Watumwa. Katika Wallachia na Moldavia Waroma walikuwa watumwa wa mfalme, wa makabaila na wa watawa kwa karibu miaka 500. Waliuzwa, walirithishwa, waligawanywa kama ng'ombe. Utumwa huo ulifutwa kabisa mwaka 1855 Moldavia na 1856 Wallachia, na makadirio ya kawaida ni kwamba walioachiliwa walikuwa karibu 250,000. Kwa hivyo mwanasiasa wa huko anaposema "hawa hawajachangia kitu nchini hii", anaongea juu ya watu waliolima na kufua chuma bila mshahara kwa karne tano.

17.
Kisha kikaja kipindi cha 1933 hadi 1945. Utawala wa Ujerumani wa wakati huo uliabudu kitu ulichokiita damu ya Kiarya. Ubaya kwao ni kwamba Kiromani ni lugha ya familia ya Kihindi-Kiarya, na wanaisimu walishalisema hilo tangu karne ya 18. Unadhani hilo liliwaokoa Waroma? Wataalamu wa rangi wa serikali walizunguka kona: wakasema karibu wote wamechanganya damu, kwa hivyo ni hatari. Makadirio ya Waroma na Wasinti waliouawa ni kati ya 200,000 na 500,000. Usiku wa tarehe 2 Agosti 1944 peke yake, Auschwitz-Birkenau, waliuawa yapata watu 4,300, wengi wakiwa wanawake, watoto na wazee. Hili ndilo jambo ninalotaka ulishike: asili haikuwahi kuwa sababu. Ilikuwa kisingizio, na kisingizio kikikataa kufanya kazi wanatafuta kingine.

18.
Baada ya vita, waliopona walikwenda kudai fidia. Mwaka 1956 mahakama kuu ya Ujerumani Magharibi iliamua kwamba mateso mengi ya kabla ya 1943 hayakuwa ya ubaguzi wa rangi, bali ni hatua za polisi dhidi ya wahalifu. Serikali ya nchi hiyo ilikuja kutamka rasmi kwamba yalikuwa mauaji ya kimbari mwaka 1982. Bunge la Ulaya likatambua tarehe 2 Agosti kama siku ya kumbukumbu mwaka 2015. Hesabu mwenyewe hiyo miaka.

19.
Lakini Waroma wenyewe wanaichukuliaje India? Hapa ndipo wengi huteleza. Mwezi Aprili 1971 wajumbe kutoka nchi kadhaa walikutana karibu na London, kwenye kongamano la kwanza la Waroma duniani. Wakakubaliana juu ya jina Roma, wimbo na bendera. Bendera ni buluu juu, kijani chini, na katikati gurudumu jekundu la vijiti 16. Gurudumu hilo lina undugu na lile la bendera ya India, lenye vijiti 24. Halikuwekwa kwa bahati mbaya. Walikuwa wanaambia ulimwengu: hatukuokotwa, tuna historia, tuna chimbuko kama watu wengine. Tarehe 8 Aprili ndiyo Siku ya Waroma duniani.

20.
Mwezi Februari 2016 kulikuwa na kongamano lingine, New Delhi. Huko viongozi wa India waliwaita Waroma watoto wa India, na likatolewa pendekezo watambuliwe kama sehemu ya Wahindi wa ughaibuni. Kwa mtu aliyedharauliwa maisha yake yote, kuambiwa "wewe ni wetu" ni jambo tamu, na sitamlaumu aliyelia siku hiyo. Lakini fikiria kauli hiyo ikisikika na yule mtu wa jukwaani kule Ulaya. Yeye anasikia kitu kimoja tu: "Mnaona? Hata India imekubali ni watu wake. Wapelekeni." Mmoja anasema karibu, mwingine anasema toka, na wote wawili wametumia sentensi ile ile.

21.
Na sio nadharia. Kiangazi cha 2010 serikali ya Ufaransa ilibomoa kambi za Waroma na kuwapakia watu kwenye ndege kwenda Romania na Bulgaria, mtu mzima akipewa euro 300. Hao walikuwa raia wa Umoja wa Ulaya. Mwaka 2007 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba Jamhuri ya Cheki iliwabagua watoto 18 Waroma wa mji wa Ostrava kwa kuwapeleka kwenye shule maalum za wenye udhaifu wa akili. Watoto wazima kabisa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na shida ya kutoka India. Shida yao ilikuwa kwamba nchi yao ilikuwa imewaona kama wageni kabla hawajajua kusoma.

22.
Nimeambiwa, "hayo ni ya Wazungu, sisi yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sana. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 aliwakuta wafanyabiashara kutoka India. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta wafanyakazi zaidi ya 30,000 kujenga reli. Karibu 2,500 walifia kazini, wengi wakarudi kwao, na chini ya 7,000 wakabaki. Wengi wa Waasia wa leo wala si wajukuu wa reli, ni wajukuu wa wafanyabiashara. Uhuru ulipokuja Desemba 1963, sheria iliwapa miaka miwili kuomba uraia. Wengine waliomba, wengine walisita. Kuanzia 1967 wasio raia walihitaji vibali vya kazi na vya biashara, na mwanzoni mwa 1968 ndege zikajaa.

23.
Walikuwa wakienda Uingereza, kwa sababu pasipoti zao zilikuwa za Kiingereza. Na Uingereza ikafanya nini? Ikapitisha sheria ya haraka haraka, Machi 1968, iliyomtaka mwenye pasipoti aonyeshe kwamba yeye, mzazi au babu yake alizaliwa Uingereza au alipewa uraia kule. Mtu amezaliwa Kisumu, pasipoti ni ya London, na anaulizwa babu yako alizaliwa wapi. Mwaka 1972 watawala wa kijeshi wa Uganda nao wakatoa siku 90. Wakasema ni kwa wasio raia, lakini hata wengi waliokuwa na uraia wa Uganda karatasi zao zilikataliwa dirishani. Ona mtindo: neno moja, "Mhindi", linatosha kufuta karatasi yoyote iliyo mkononi.

24.
Julai 2017, wiki chache kabla ya uchaguzi, serikali yetu iliwatangaza Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Sensa ya 2019 ikawahesabu Waasia Wakenya kando na Waasia wasio raia. Unaweza kubishana kuhusu wakati wa tangazo hilo, na ubishane. Lakini kanuni iliyo ndani yake ni sahihi: mtu anaweza kuwa na asili ya Gujarat na kuwa Mkenya kamili, bila kupunguziwa upande wowote. Kama tunaweza kuielewa hiyo Nairobi, tunaweza kuielewa ya Mroma wa Slovakia.

25.
Na kioo kiko hata huko India kwenyewe. Gujarat na Karnataka kuna jamii inayoitwa Wasidi. Mababu zao walitoka Afrika Mashariki kwa karne nyingi, wakiwa watumwa, askari na mabaharia. Wanaongea Kigujarati, wanaongea Kikannada. Wale wa Gujarat wana ngoma yao wanaiita *goma*, na huhitaji mtu akueleze neno hilo lilitoka wapi. Je, ni Wakenya? Ni Watanzania? Hapana, ni raia wa India, na serikali ya huko inawatambua kama mojawapo ya jamii zake. Siku mwanasiasa wa huko atakaposimama kusema Wasidi warudi Mombasa, utajua mara moja kwamba huo ni upuuzi. Basi tumia akili hiyo hiyo kwa Waroma.

26.
Najua komenti zinazokuja. "Lakini wao wenyewe wanasema wametoka India!" Ndiyo, na ni haki yao. Mtu kukumbuka alikotoka ni urithi wake. Mtu mwingine kumkumbusha alikotoka ili amtoe kwenye nyumba yake ni siasa. Nyingine: "Kwani neno Mhindi ni tusi?" Si tusi hata kidogo. Shida ni kulitumia kumjibu mtu ambaye hukumuuliza swali hilo. Nyingine: "Si kuna Waroma wezi?" Kuna Wakenya wezi, na hakuna anayependekeza tuhamishiwe Kamerun.

27.
Kwa hivyo ukisikia mjadala wa aina hii, hapa au ng'ambo, tenganisha maneno matatu. Asili: mababu walitoka wapi? Hilo mwachie mwanahistoria na mwanaisimu. Utambulisho: mtu anajiita nani? Hilo mwachie mwenyewe. Uraia: sheria inasema ni wa wapi? Hilo liko kwenye katiba na kwenye karatasi. Mwanasiasa mjanja huuliza la tatu na kujijibu kwa la kwanza. Unamwuliza mbona mtaa huu hauna maji wala shule, anakujibu babu zao walitoka Punjab. Na maji bado hayajafika.

28.
Nimemaliza. Kama una mfano mwingine wa jamii inayoambiwa "rudini kwenu" huku kwao ni pale pale waliposimama, weka hapo chini na tarehe zake, tujadiliane bila matusi. Na kama kuna mtu kwenye grupu ya familia aliyetuma ile video akisema "kumbe ni Wahindi tu", mtumie uzi huu. Mwambie aanze na post ya 11, ahesabu mpaka kumi kwa sauti.